Kasi ya tovuti: Ipimwe kwa saa ya mteja, si ya fundi

WIKI hii ukurasa huu unaziweka kando kwa muda bei za kahawa, mahindi na fedha za kigeni ili kuzungumzia bidhaa ambayo wafanyabiashara wengi wa Moshi huinunua bila kuipima. Bidhaa hiyo ni kasi ya tovuti.

Hakuna mfanyabiashara wa Mbuyuni au Kiboriloni anayekubali kununua gunia la mahindi kwa kuambiwa tu kwamba limejaa. Atataka liwekwe kwenye mizani. Mnunuzi wa kahawa naye huchoma bambo kwenye gunia, akatoa punje za katikati na za chini, akapima unyevu, na waonjaji wakaionja kikombeni ndipo bei itajwe. Lakini mfanyabiashara huyo huyo akitengenezewa tovuti ya kampuni yake ya kupandisha wageni mlimani, hulipa fedha zote kwa sababu fundi ameifungua mbele yake na kumwambia, "Mzee, angalia mwenyewe, inafunguka kabla hujapepesa jicho."

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Mteja hayupo ofisini kwa fundi. Yuko Manchester, Chicago, Munich au Nairobi, ana simu mkononi, na amefungua tovuti za kampuni tano za Moshi na Arusha kwa mpigo akilinganisha bei za njia ya Machame na za Marangu. Ile inayochelewa anaifunga. Haandiki barua ya kulalamika, na mwenye kampuni hapati kujua kwamba kuna mtu alibisha hodi akaondoka.

Somo la leo linaeleza kasi ya tovuti hupimwa vipi, nani anapima, akiwa wapi, na namna ya kuisoma karatasi ya vipimo ambayo fundi atakuletea. Huhitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta. Hesabu zinazohitajika ni za kujumlisha na kugawanya tu.

Kwa nini sekunde ni fedha

Suala hili si geni. Mwaka 1993 mtaalamu Jakob Nielsen aliandika kwamba binadamu ana mipaka mitatu ya uvumilivu mbele ya kompyuta. Kitu kikitokea ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huona kimetokea papo hapo. Kikichukua hadi sekunde 1, huona kuchelewa lakini mawazo yake hayakatiki. Kikizidi sekunde 10, mawazo yake huhamia kwingine. Simu zimebadilika sana tangu hapo, lakini binadamu ni yule yule.

Mwaka 2016 Google ilitoa utafiti uliosema kwamba asilimia 53 ya watu wanaofungua tovuti kwa simu huondoka iwapo ukurasa utachukua zaidi ya sekunde 3. Mwaka 2020 kampuni ya Deloitte, katika utafiti uliofanywa kwa ajili ya Google, ilieleza kwamba tovuti za usafiri zilipoongezewa kasi kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde, idadi ya wageni waliokamilisha manunuzi iliongezeka kwa asilimia 10.1. Ikumbukwe kuwa Google ni muuzaji wa matangazo na ina maslahi yake katika jambo hili. Aidha, tafiti hizo hazikufanyika Moshi. Hata hivyo, upande ambao sindano inaelekea hauna ubishi: kuchelewa kunafukuza wateja.

Tuchukue mfano wa kampuni ndogo yenye ofisi mjini. Namba hizi ni za mfano tu. Kampuni inalipia matangazo kwenye intaneti, na kila mtu anayebonyeza tangazo anaigharimu Sh 1,000. Kwa mwezi wanabonyeza watu 200, yaani Sh 200,000. Iwapo watu 50 kati yao wataondoka kabla ukurasa haujafunguka, Sh 50,000 zimekwenda bure. Zaidi ya hapo, wale 150 waliobaki hawakugharimu tena Sh 1,000 kila mmoja. Gawanya Sh 200,000 kwa 150, utapata zaidi ya Sh 1,333. Gharama ya kumpata mteja imepanda kwa theluthi moja bila mwenye tangazo kuongeza bei.

Na hiyo ni gharama ya tangazo peke yake. Mgeni mmoja wa kupanda Kilimanjaro huleta zaidi ya dola 1,000 za Marekani, na nyuma yake wapo mwongozaji, mpishi na wapagazi kadhaa wanaosubiri safari. Mgeni aliyefunga ukurasa akiwa Munich ni mpagazi aliyebaki nyumbani Marangu wiki hiyo.

Maji ya mfongo

Kabla ya kupima kitu ni lazima kujua kinavyofanya kazi. Ukurasa wa tovuti hukaa kwenye kompyuta maalumu iitwayo seva. Mteja akibonyeza jina la tovuti, simu yake hutafuta kwanza anwani ya seva hiyo, kisha hubisha hodi, wakakubaliana juu ya kufuli la usalama, ndipo simu iombe ukurasa wenyewe. Hizo ni safari za kwenda na kurudi ambazo zinaweza kufika nne kabla herufi ya kwanza haijatoka kwenye seva.

Wakulima wa miteremko ya Kilimanjaro wanalielewa jambo hili kuliko wanavyodhani. Kwa vizazi vingi Wachagga wamekuwa wakiteremsha maji kutoka mitoni hadi kwenye vihamba kwa mifereji iitwayo mifongo. Mwenye kihamba anajua kwamba mfongo una mambo mawili. La kwanza ni upana: maji kiasi gani yanapita kwa wakati mmoja. La pili ni umbali: yakifunguliwa kwenye banio kule juu, yatachukua muda gani kufika kwake. Hata ukiupanua mfongo mara mbili, tone la kwanza halitafika kihambani papo hapo.

Intaneti ni vivyo hivyo. Kampuni za simu zinapotangaza kasi, aghalabu zinatangaza upana, unaohesabiwa kwa megabiti kwa sekunde. Umbali hautangazwi. Mwanga ndani ya waya wa nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Moshi hadi London ni kiasi cha kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka. Hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua sekunde 0.07, na kwa kuwa nyaya hupita Dar es Salaam na kuzunguka baharini, muda halisi huwa mkubwa zaidi. Tuseme safari moja ya kwenda na kurudi ni sekunde 0.15. Safari nne ni sekunde 0.6, na bado mteja hajaona chochote.

Baada ya umbali huja upana, na hapa ndipo wengi wanapopotea kwenye hesabu. Ukubwa wa picha huandikwa kwa megabaiti, lakini upana wa intaneti huandikwa kwa megabiti. Baiti moja ni biti 8. Picha ya kilele cha Kibo iliyopigwa kwa simu nzuri inaweza kuwa na megabaiti 5, yaani megabiti 40. Ikipita kwenye mtandao wa megabiti 1.6 kwa sekunde, itachukua sekunde 25. Picha hiyo hiyo ikipunguzwa hadi kilobaiti 200 ni megabiti 1.6, nayo itachukua sekunde 1. Kwenye kioo cha simu mteja hataona tofauti ya maana kati ya picha hizo mbili. Ataona tofauti ya sekunde 24.

Vipimo vinne vya kukumbuka

Zamani fundi alikuwa akipima kitu kimoja tu: ukurasa umemaliza kupakua vitu vyake vyote saa ngapi. Kipimo hicho kina kasoro. Ukurasa unaweza kuwa umeshasomeka huku picha za chini zikiendelea kuja, na mwingine unaweza kuwa umemaliza kila kitu lakini haubonyezeki. Mwaka 2020 Google ilitangaza vipimo vitatu vikuu vinavyofuata hisia za mtumiaji, na vimekuwa kama ratili za soko zima kwa sababu Google huvizingatia pia inapopanga tovuti ipi itokee juu kwenye majibu ya utafutaji. Pamoja na kimoja cha kuvisindikiza, mfanyabiashara akumbuke vipimo vinne.

Cha kwanza ni cha kusindikiza, nacho huandikwa TTFB. Hiki ni muda tangu mteja abonyeze hadi punje ya kwanza ya ukurasa ifike kwenye simu yake. Ndiyo ile hesabu ya umbali wa mfongo, pamoja na muda ambao seva inatumia kutayarisha jibu. Kiwango kinachopendekezwa ni sekunde 0.8 au pungufu. Kipimo hiki kikiwa kibaya, tatizo liko kwenye seva au umbali wake, na kupunguza picha hakutasaidia sana.

Cha pili huandikwa LCP. Hiki hupima muda hadi kitu kikubwa kuliko vyote kwenye sehemu inayoonekana, aghalabu picha ya mlima au kichwa cha habari, kitokee machoni. Kizuri ni sekunde 2.5 au pungufu. Kikizidi sekunde 4 ni kibovu. Kwa tovuti nyingi za utalii hiki ndicho kipimo kinachoanguka, kwa sababu kila mwenye kampuni anataka picha kubwa ya Kibo mlangoni.

Cha tatu huandikwa INP. Mteja akibonyeza, ukurasa unachukua muda gani kuonyesha kwamba umesikia? Kizuri ni sekunde 0.2 au pungufu. Zaidi ya sekunde 0.5 ni kibovu. Kipimo hiki kilichukua nafasi ya kingine kilichoitwa FID tarehe 12 Machi 2024. Fundi akikuletea karatasi yenye FID, ujue anatumia mizani iliyokwisha ondolewa sokoni.

Cha nne huandikwa CLS, nacho hakihesabiwi kwa sekunde. Hupima ukurasa unavyorukaruka wakati unafunguka. Mteja anataka kubonyeza "Weka nafasi", mara picha iliyochelewa inaingia juu, maandishi yanasukumwa chini, na kidole kinaangukia mahali pengine. Kizuri ni 0.1 au pungufu. Zaidi ya 0.25 ni kibovu.

Vipimo hivi havijumlishwi kuwa kimoja. Kahawa nzito inaweza kuwa na unyevu mbaya, na yenye unyevu mzuri inaweza kushindwa kikombeni. Tovuti nayo inaweza kutokea haraka halafu isibonyezeke.

Mizani ya maabara na mizani ya sokoni

Kuna namna mbili za kupata namba hizo, na kuzichanganya ndiyo asili ya ugomvi mwingi kati ya mafundi na wateja wao.

Ya kwanza ni kipimo cha maabara. Programu inaufungua ukurasa mara moja, kwa simu ya kuigiza na mtandao wa kuigiza, kisha inaandika matokeo. Inayotumika sana ni Lighthouse ya Google. Inapopima upande wa simu huigiza mtandao wa megabiti 1.6 kwa sekunde wenye kuchelewa kwa sekunde 0.15, na huipunguza nguvu kompyuta mara nne ili ifanane na simu ya bei ya kati. Mwishoni hutoa alama kati ya 0 na 100. Kuanzia 90 ni kijani, 50 hadi 89 ni rangi ya chungwa, chini ya hapo ni nyekundu.

Alama hiyo ndiyo mafundi hupenda kuionyesha. Lakini alama 92 haina maana kwamba asilimia 92 ya wateja wameridhika. Ni jumla ya mitihani mitano iliyopewa uzito tofauti: LCP ina asilimia 25, CLS asilimia 25, muda ambao simu imezidiwa na kazi asilimia 30, na mitihani miwili iliyobaki asilimia 10 kila mmoja. INP haimo, kwa sababu kwenye maabara hakuna mtu wa kubonyeza. Hali kadhalika, ukurasa ule ule ukipimwa mara tatu mfululizo unaweza kutoa alama tatu tofauti. Kwa hiyo pima mara tatu au tano na uchukue ya katikati. Usichague iliyo nzuri.

Namna ya pili ni kipimo cha sokoni, yaani kutoka kwa wateja wenyewe. Google hukusanya namba kutoka kwa watumiaji wa Chrome walioridhia, ikazijumlisha kwa siku 28 zilizopita. Ukiandika jina la tovuti yoyote kwenye ukurasa uitwao PageSpeed Insights utaziona juu, na zile za maabara chini yake. Huduma hiyo ni ya bure. Unaweza hata kumpima mshindani wako.

Kipimo hiki cha sokoni kina mapungufu mawili ambayo mfanyabiashara wa Moshi ni lazima ayajue. Kwanza, tovuti yenye wageni wachache haionyeshwi kabisa, na kampuni nyingi ndogo ziko katika kundi hilo. Pili, wateja wanaotumia iPhone hawahesabiwi, hata kama wanatumia Chrome. Kwa kampuni inayotegemea Wamarekani, hilo si kundi dogo.

Wastani unavyodanganya

Wenzetu waliosoma takwimu wanajua hadithi ya mtu aliyezama kwenye mto wenye kina cha wastani cha futi tatu. Kwenye kasi ya tovuti wastani huzamisha watu vile vile.

Tuseme wateja 8 walifungua ukurasa wako wa bei. Kwa sekunde, ilichukua: 1.2, 1.3, 1.5, 1.6, 1.8, 4.2, 5.0 na 9.4. Jumla ni 26.0. Gawanya kwa 8, wastani ni sekunde 3.25. Fundi mjanja atatumia namba ya katikati, yaani kati ya mteja wa 4 na wa 5, ambayo ni 1.7, na atakuambia tovuti ni nzuri mno. Lakini wateja watatu kati ya wanane wamesubiri zaidi ya sekunde 4.

Ndiyo maana vipimo vya Google havitumii wastani wala katikati. Hupanga wateja kuanzia aliyehudumiwa haraka hadi aliyecheleweshwa, kisha husimama kwenye robo tatu ya foleni. Kwa wateja 8, robo tatu ni mteja wa 6. Yeye alisubiri sekunde 4.2. Kwa kuwa kiwango kibovu huanzia juu ya 4, ukurasa huo umeanguka. Namba zile zile nane zimetoa majibu matatu: 1.7, 3.25 na 4.2. Hakuna aliyesema uongo kwenye hesabu. Tofauti ni swali lililoulizwa. Mfanyabiashara akiletewa namba yoyote aulize kwanza: hii ni ya mteja wa ngapi kwenye foleni?

Umepimia wapi?

Swali la pili ni la mahali. Agosti 2022 TTCL ilifikisha intaneti ya kasi hadi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari kwenye njia ya Marangu. Mgeni anaweza kutuma picha akiwa bado njiani kuelekea kilele cha Uhuru. Rafiki yake aliyeko Ulaya akiiona na kubonyeza jina la kampuni iliyompandisha, hapo biashara mpya imebisha hodi. Muda atakaosubiri rafiki huyo hautegemei mtandao wa Horombo wala wa ofisi yako. Unategemea umbali kati ya simu yake na seva yako.

Tukio la Mei 12, 2024 lilitoa somo zuri. Siku hiyo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikawa dhaifu sana hapa nchini. Mwenye kampuni ambaye seva yake iko Ujerumani angeona kutokea Moshi kwamba tovuti yake imekufa, wakati mteja wa Munich anaifungua bila taabu. Aliyeweka seva yake Dar es Salaam angeweza kuifungua vizuri hapa nyumbani huku mteja wa Munich akisubiri. Wote wawili, kama wangepima kutoka mezani kwao tu, wangepata jibu la uongo.

Si lazima waya ukatike ndipo udanganyike. Kivinjari cha kompyuta ya ofisini kimekwisha weka akiba ya picha zako kwa kuwa unaifungua tovuti kila siku. Unapoifungua leo, picha haziji kutoka kwenye seva. Zinatoka humo humo. Mgeni anayekuja kwa mara ya kwanza hana akiba hiyo. Ukitaka kuona anachokiona yeye, fungua dirisha la faragha, tumia simu ya kawaida badala ya kompyuta, na zima mtandao wa ofisi utumie wa simu. Kisha tumia huduma kama WebPageTest, ambayo hukuruhusu kuchagua nchi au mji wa kupimia, upime kutoka kule wateja wako waliko.

Ukiona namba za Moshi ni nzuri na za Ulaya ni mbaya, seva iko mbali na wateja. Kuna kampuni zinazohifadhi nakala za tovuti katika miji mingi duniani ili kila mteja ahudumiwe na nakala iliyo karibu naye. Ukiona namba ni mbaya kila mahali, ukurasa wenyewe ni mzito na umbali hauna kosa.

Unapofunga mkataba

Mkataba unaosema "tovuti iwe na kasi nzuri" ni sawa na kununua kahawa kwa mkataba unaosema "iwe tamu". Haumlindi mnunuzi, na kwa kweli haumlindi fundi pia, kwa sababu mteja asiyeridhika anaweza kumsumbua milele. Andikeni yafuatayo:

Kwanza, tajeni kurasa zitakazopimwa. Ukurasa wa mbele hautoshi. Ukurasa wa bei na fomu ya kuweka nafasi ndizo zinazoleta fedha.

Pili, tajeni viwango: LCP isizidi sekunde 2.5, INP isizidi 0.2, CLS isizidi 0.1, vyote kwa robo tatu ya foleni, upande wa simu.

Tatu, tajeni miji ya kupimia, angalau mitatu kufuatana na wateja wako, na idadi ya majaribio. Matokeo yatakayohesabiwa yawe ya katikati.

Nne, zuieni sehemu ya malipo, tuseme robo, hadi siku 28 zipite tangu tovuti ianze kazi. Kipimo cha sokoni hubeba siku 28, hivyo kabla ya hapo unasoma mchanganyiko wa ya zamani na mapya. Kwa sababu hiyo hiyo, usimgombeze fundi aliyerekebisha kosa jana kwa kuwa namba hazijashuka leo.

Tano, kama tovuti ina wageni wachache kiasi cha kutoonyeshwa na Google, fundi aweke ndani yake programu ndogo ya kuhesabu. Google yenyewe hutoa moja ya bure iitwayo web-vitals. Humrekodia mwenye tovuti muda wa kila mgeni.

Sita, pimeni upya kila picha mpya inapowekwa. Tovuti nyingi huzaliwa nyepesi, zikanenepa kidogo kidogo kwa picha za kila msimu.

Jambo la kufanya wiki hii

Msimu mkubwa wa kupanda mlima ni Juni hadi Oktoba, na mwingine Januari hadi Machi, lakini wageni huchagua kampuni miezi kadhaa kabla. Anayesubiri msimu ufike ndipo apime tovuti yake ni sawa na mkulima anayesubiri jua kali ndipo azibue mfongo.

Kasi peke yake haiuzi safari. Bei mbaya au maelezo ya hovyo yatamfukuza mteja hata ukurasa ukifunguka kwa nusu sekunde. Lakini asiyeona bei yako hawezi hata kuikataa. Kwa hiyo kabla ya kuongeza fedha za matangazo, kaa na simu yako kwa nusu saa. Fungua PageSpeed Insights, andika jina la ukurasa wako wa bei, chagua upande wa simu, na uandike kwenye daftari namba nne tulizozitaja. Fanya hivyo hivyo kwa washindani wawili. Kisha mwite fundi, uweke daftari mezani, na umuulize maswali mawili: namba hii ni ya mteja wa ngapi, na ilipimiwa wapi?

Fundi anayeijua kazi yake atafurahi kwamba hatimaye amepata mteja anayejua kusoma mizani. Asiyeijua atakuambia tena inafunguka kabla hujapepesa jicho. Hapo utajua robo ya malipo yako ibaki mfukoni.